Tupeni Jiko, Semina Tumeshiba

Serikali yetu ya wanafunzi ina mapenzi makubwa na kitu kimoja: semina ya ujasiriamali. Kila mwaka lazima iwepo. Fulana zitachapwa, maji ya chupa yatagawiwa, mgeni rasmi atasimama atuambie tusisubiri kuajiriwa, kisha tutapiga picha ya pamoja na kupewa vyeti. Halafu tunarudi bwenini, na kwenye korido ya ghorofa ya pili tunakutana na mjasiriamali mwenyewe. Amejifungia chumbani anapika ubuyu kwa hita, rafiki yake amesimama mlangoni kuangalia kama mama mlezi anapanda ngazi. Huyo hakuja kwenye semina. Alikuwa na oda.

Hoja yangu ni moja na naisema mapema ili asiye na muda aende zake. Hela ya semina ya mwaka huu itengeneze jiko la pamoja la wanafunzi. Sisemi jiko la ugali na maharage, hilo tuna mama lishe na kantini wanatutosha. Nasema jiko dogo la vitu vitamu na matunda: ubuyu, kashata, achari, jamu, visheti, keki. Vitu ambavyo tayari vinapikwa humu chuoni kila wiki, ila kwa kujificha.

Asiyeamini azunguke mabweni jioni moja tu. Kashata za nazi na za karanga utazipata bweni la wasichana mwaka wa pili. Keki za kikombe kuna kaka wa uhandisi anazipika kwa ndugu yake mjini, anazileta kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Visheti na kaimati zinapatikana zaidi Ramadhani, na miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya muhula, kwa hiyo futari ya watu wengi hapa inategemea kaimati za mwanafunzi mwenzao. Achari ya embe ipo karibu kila kozi. Kila darasa lina mtu wake. Unamtumia ujumbe, "Dada, ubuyu upo?" Anajibu, "Upo kaka, wa pilipili au wa kawaida?" Biashara imekwisha. Hakuna aliyefundishwa hilo na mgeni rasmi.

Na sasa hivi ndiyo wakati wake. Ni kaskazi, joto la Dar linakutoa jasho ukiwa umekaa tu, na maembe yamejaa Buguruni na Mabibo mpaka wauzaji wanayapanga chini kwenye magunia. Pita sokoni saa kumi na mbili jioni uone. Yale yaliyopondeka, yale yaliyoiva kupita kiasi, yanasukumwa pembeni, asubuhi yanabebwa na gari la taka. Mwaka 2011 FAO walikadiria kwamba karibu theluthi moja ya chakula kinachozalishwa duniani kwa ajili ya binadamu hupotea au hutupwa. Sihitaji kusafiri kwenda kuitafuta hiyo theluthi. Naisikia harufu yake nikishuka kwenye daladala. Ukifika mwezi wa nne ukatafuta embe zuri, utalipa bei inayokufanya umkumbuke yule muuzaji wa Desemba kwa huruma.

Muhula uliopita dada mmoja wa mwaka wa tatu alikamatwa. Mkopo hakupata, na ada yake ilikuwa inatoka kwenye ubuyu na achari, kwa maana ya kwamba bila ubuyu jina lake lisingetokea kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani. Hita ikachukuliwa, sufuria ikachukuliwa, akapewa barua ya onyo. Barua ya pili maana yake ni kuondoka bwenini. Ametii. Siku hizi anapikia kwa shangazi yake Mbagala, anatoka kipindi cha mwisho, anapanda daladala, anapika, anarudi saa nne usiku na mfuko wa kilo nane mapajani. GPA yake naomba tusiijadili hapa.

Sasa nisieleweke vibaya. Uongozi wa mabweni uko sahihi kuhusu hita. Nimesoma Kemia ya kutosha kujua shira ni nini. Maji yakichemka hayavuki nyuzi 100, lakini shira ikishakuwa nzito ya kuvuta uzi inapita nyuzi 105, na tofauti na maji, ikikurukia haitiririki. Inang'ang'ania ngozi na kuendelea kuunguza. Weka hiyo kwenye sufuria iliyokaa juu ya kitabu, hita imechomekwa kwenye waya wa kuunganisha unaochaji na simu nne, chumba cha watu sita, pazia liko sentimita thelathini. Kupiga marufuku ni haki. Ninachokataa ni kupiga marufuku halafu basi. Mtu anayelipia ada kwa ubuyu hataacha kupika ubuyu kwa sababu ya tangazo lililobandikwa ubaoni. Atapika saa nane usiku wakati kila mtu amelala, yaani saa mbaya kuliko zote moto kutokea.

Wengi wakisikia jamu, kashata, keki, wanaona ni mambo ya kupitisha muda. Hapo ndipo mimi kama mtu wa elimu ninapokasirika kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Kuna wanaodhani jamu ni matunda yaliyochemshwa na sukari mpaka mpishi achoke. Jamu inaganda kwa sababu vitu vitatu vimekutana kwa kipimo: pektini, asidi na sukari. Pektini ni ile kitu inayoshikilia kuta za seli za mimea; Mfaransa Henri Braconnot ndiye aliyeielezea na kuipa jina mwaka 1825. Ndani ya maji, minyororo ya pektini ina chaji hasi, kwa hiyo inasukumana, haitaki kukaribiana. Ukiongeza asidi, pH ikashuka kuelekea 3, zile chaji zinapungua. Ukiongeza sukari ya kutosha, sukari inayavuta maji yaliyokuwa yameizunguka pektini. Minyororo inabaki haina pa kwenda, inashikana yenyewe kwa yenyewe, inafanya wavu, na maji yaliyobaki yananaswa humo. Hiyo ndiyo jamu. Sukari ikifika karibu asilimia 65 ya uzito wote, vijidudu vingi navyo vinakosa maji ya kuishi nayo, ndiyo maana jamu inakaa miezi wakati embe lenyewe halikai wiki.

Embe lina tabia yake. Likiiva sana, asidi imeshuka na pektini imeanza kuvunjika, ndiyo maana linakuwa laini na tamu. Ukipika jamu ya maembe mabivu matupu utapata shira yenye ladha ya embe, itamwagika kwenye mkate mpaka kwenye shati. Mama yangu, Tanga, hajawahi kulisikia neno pektini. Lakini kwa kila maembe matatu mabivu huweka moja lililoanza tu kupiga rangi, halafu anakamulia ndimu mbili. Hapimi joto. Anadondosha tone kwenye sahani iliyokaa kwenye maji baridi, anapitisha kidole katikati, na ile njia ikibaki wazi anaepua. Ukimuuliza kwa nini embe moja liwe bichi, atakwambia, "Ndivyo inavyoshika." Basi.

Jibu lake sio la kijinga. Nicolas Appert, mpishi wa Kifaransa, alipata faranga 12,000 za serikali ya nchi yake na mwaka 1810 akachapisha kitabu cha namna ya kuhifadhi chakula kwenye chupa zilizozibwa na kuchemshwa. Hakujua kwa nini inafanya kazi. Louis Pasteur alikuja kueleza habari ya vijidudu miaka ya 1860, nusu karne baadaye. Mikono ilitangulia, nadharia ikafuata. Tofauti ni kwamba Appert aliandika vipimo vyake na akasomwa, na mama yangu kipimo chake kiko kwenye kidole chake. Siku akichoka, kinaondoka naye. Nina binamu wanne waliokulia nyumba ile ile na hakuna hata mmoja anayejua lile embe la nne ni la nini. Wananunua jamu ya dukani, wanaangalia chupa imetoka nchi gani, wanaridhika.

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja ya kata milimani Lushoto, kimo cha kama mita 1,400. Kidato cha pili, mada ya maji na kiwango cha kuchemka. Nikawapeleka wanafunzi jiko la shule badala ya maabara, kwa sababu chombo cha maabara hakipikiwi chakula, na hilo nalo ni somo. Kipimajoto nilikinunua mwenyewe. Tukachemsha maji. Yakatokota kweli kweli, mapovu makubwa, kipimajoto kikasimama kwenye 95. Kijana mmoja nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kitabu kinasema mia."

Nawaambia, hicho kipindi nisingekibadilisha kwa kingine chochote. Tulikaa juu ya hilo swali dakika arobaini. Kitabu hakijadanganya, kimeandika kwa mtu aliye usawa wa bahari, yaani kwa ndugu zao wa Tanga mjini. Ukipanda juu, uzito wa hewa unapungua, maji yanapata nafuu ya kutoroka mapema. Kila unapopanda karibu mita 300, kiwango kinashuka kama nyuzi moja. Wenyewe wakapiga hesabu: 1,400 gawanya kwa 300. Kisha tukachukua machungwa yaliyotoka Muheza, ilikuwa msimu wake, tukapika jamu pamoja na maganda, maana ule weupe wa ndani wa ganda la chungwa umejaa pektini. Vitabu vinasema jamu inaiva nyuzi 104 au 105. Mwanafunzi anayefuata kitabu kule juu atapika mpaka apate gundi ya kahawia. Kanuni sahihi ni nyuzi nne na nusu hivi juu ya kiwango maji yanapochemka pale ulipo. Kwetu ilikuwa karibu na 100, na ilipofika hapo, tone likasimama kwenye sahani. Darasa zima likapiga makofi kana kwamba mimi ndiye niliyeumba chungwa.

Tunaambiwa elimu sasa ni amali. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari, na sisi tulioko vyuoni ndio tutakaotumwa kuufundisha. Swali langu ni dogo: tutaufundisha kwa mikono ipi? Mtu amekaa chuo miaka mitatu hajawahi kuruhusiwa kuwasha jiko, atamfundisha mtoto usindikaji wa matunda kwa kuchora ubaoni chupa na mfuniko. Wanafunzi watanakili vizuri sana, watapata A.

Natoka kidogo nje ya mada. Mimi ni mwanaume na najua kupika jamu na vileja, na nimeshasikia kila utani unaowezekana. "Kaka, utaolewa lini?" Sawa. Waangalie wanaouza halua na mkate wa kumimina, wangapi ni wanaume, na nani anawacheka wakihesabu noti jioni? Kupika kukiwa kwa ajili ya mume kunaitwa kazi ya mwanamke, kukiwa na leseni kunaitwa kiwanda. Nimemaliza hilo.

Turudi kwenye ubuyu, maana ndio unaotawala soko la hapa chuoni, na ndio unaonisikitisha zaidi. Ule unga mkavu unaozunguka mbegu ya mbuyu kwa asili ni mweupe, rangi ya krimu. Una asidi nyingi, una vitamini C, una pektini. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliuruhusu uuzwe kwao kama chakula kipya, na tangu hapo unga wa ubuyu unauzwa huko kwenye maduka ya vyakula vya afya kwa bei ambayo ukiibadilisha kuwa shilingi utakaa chini. Sisi tunauchukua ule ule, tunauzamisha kwenye shira, tunaweka iliki, vanila na pilipili manga, ambavyo sina ugomvi navyo kabisa, halafu tunaumiminia rangi nyekundu mpaka ulimi wa mlaji uonekane siku mbili. Rangi yenyewe mara nyingi imenunuliwa kwa kupimiwa, haina jina, haina pakiti. Dada wanaouza humu wanaijua hoja hii, wameshanijibu: "Mweupe haununuliwi." Inawezekana. Lakini mtu anayepika gizani kwa haraka hana nafasi ya kujaribu ubuyu wa rangi ya rosela, sufuria mbili ubavu kwa ubavu, awaonjeshe watu ishirini na kuandika majibu. Jiko la wazi lina nafasi hiyo. Na ukichanganya vijiko viwili vya unga wa ubuyu uliochekechwa kwenye jamu ya embe, ile asidi na ile pektini vinafanya kazi ya lile embe la nne la mama yangu. Nimeijaribu likizo. Inashika, na ina ukali fulani mzuri mwishoni. Inatoa povu jingi tu wakati wa kuchemka, kwa hiyo tumia sufuria kubwa.

Twende kwenye hela, kwa sababu najua bila hela hamtanisikiliza.

Chukua kilo moja ya nyama ya embe iliyosagwa. Mimi huwa naipata kwa maembe dodo matano, msimu huu shilingi 400 kila moja, 2,000. Sukari gramu 850 kwa bei ya 3,000 kwa kilo ni 2,550. Ndimu 300. Gesi tuseme 1,000. Utapata kama kilo moja na nusu ya jamu, chupa nne za gramu 370 na ushee. Chupa tupu zenye mfuniko mpya, 1,200 kila moja, 4,800. Jumla 10,650. Chupa nne ukiuza 5,000 kila moja ni 20,000, unabaki na 9,350. Hiyo inakaribia hela ya kujikimu ya siku moja kwa mwenye mkopo kamili, ambayo ni 10,000. Kwa asiye na mkopo ni mbingu na ardhi.

Lakini tazama vizuri hizo namba. Chupa peke yake imekula asilimia 45 ya gharama, kuliko embe na sukari kwa pamoja. Mtu mmoja mwenye hita hawezi kununua chupa katoni kumi. Watu kumi na tano wenye jiko moja wanaweza, na wanaweza kupanga mteja akirudisha chupa apunguziwe 500, chupa ioshwe, ichemshwe dakika kumi, irudi kazini na mfuniko mpya. Na sukari je? Tunakumbuka wote mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uvunaji wa miwa, sukari ikapita shilingi 4,000 kwa kilo sehemu nyingi. Wauza kashata wa hapa waliacha mmoja mmoja, kimya kimya. Wangekuwa na stoo ya pamoja yenye magunia mawili wangepumua japo mwezi.

Kuna na suala la sheria. Kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilihamia TBS mwaka 2019, na jengo la kutengenezea chakula cha kuuza linatakiwa lisajiliwe. Chumba cha bweni hakiwezi kusajiliwa hata mkienda na mgeni rasmi wa semina. Kwa hiyo hawa wenzetu hawawezi kuweka jamu yao dukani nje ya geti, wataishia kuuza kwenye korido mpaka siku ya mahafali. Chumba chenye sakafu ya vigae, maji safi, sinki na dirisha la wavu kinaweza kuanza safari hiyo. SIDO wapo tangu 1973, kuhudumia viwanda vidogo ndiyo kazi yao, na mafunzo ya usindikaji wa vyakula wanatoa. Hao ndio wageni wa kuwaalika, waje na sufuria, wasije na maikrofoni.

Pingamizi nimezisikia. Ya kwanza ni usafi: jiko la wote halina mwenyewe, litajaa vyombo vichafu wiki ya pili. Ni kweli, nimeishi na wanaume watano chumba kimoja, sihitaji kushawishiwa. Dawa yake ni ratiba na amana. Unaandika jina, unaweka 10,000, unapewa ufunguo kwa saa tatu, ukiacha jiko chafu hela yako inamlipa atakayesafisha. Ya pili ni kwamba wazabuni wa kantini watalalamika. Wazabuni wanauza wali na chipsi. Sijaona hata mmoja anayeuza vileja. Jiko likibaki la vitu vitamu na matunda tu, wanaweza wakawa wateja. Ya tatu ndiyo inayonipa shida kweli: je, jiko likishakuwepo, wale wenye mtaji hawatalitawala, na yule dada wa Mbagala akabaki nje tena kwa kukosa amana? Hapo sina jibu kamili. Ningependa saa za jioni, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili, wapewe kwanza wasio na mkopo, bila amana, kwa barua ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Mwenye wazo bora alilete, hapo ndipo ningependa tubishane badala ya kubishania rangi ya fulana.

Moto uwe wa gesi, na hilo sio anasa. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Najua keki ya mkaa, moto chini na moto juu ya mfuniko, ina harufu ambayo oveni haiwezi. Nitaikosa. Lakini hatutawasha mkaa ndani ya jengo la chuo halafu tukategemea kusikilizwa.

Mahali pa kuanzia papo. Nyuma ya ukumbi wa zamani kuna stoo yenye bomba la maji na madirisha pande mbili, na kwa sasa kazi yake ni kutunza viti vilivyovunjika miguu. Vitu vinavyohitajika ni vichache: jiko la gesi la mafiga manne, oveni moja, mizani miwili ya gramu, vipimajoto vitatu, sinki, meza ya bati lisiloshika kutu, kabati lenye kufuli na kizima moto. Bunge la wanafunzi halijapitisha kifungu cha semina mpaka ninapoandika haya. Mwakilishi wa bweni letu nimempa orodha hii imeandikwa kwa mkono, ameisoma yote, hakucheka. Ameniuliza swali moja tu, oveni iwe ya kuingiza keki ngapi kwa mara moja. Nimemwambia nne.